Barua kwa mwanangu: ubao wa dama na mipaka ya uthibitisho

Chumbageni, Tanga

Mwanangu mpendwa,

Sisi hapa ni wazima. Umeniuliza umjibu nini mwanao wa miaka saba, anayetaka kujua kama wanahisabati wanaweza kuthibitisha kila lililo kweli kuhusu namba. Hawawezi, lakini usianzie hapo, kwani asiyejua uthibitisho ni nini hatashangaa kusikia kwamba una mpaka.

Kwanza aone kwamba kujaribu mara nyingi si kuthibitisha. Mfano huu asili yake ni mwanahisabati Euler: zidisha namba kwa inayoifuata, kisha jumlisha 41. Kwa 1 utapata 43, kwa 2 utapata 47, na majibu yote huwa namba tasa mpaka unapofika 39; lakini kwa 40 jibu ni 1681, ambayo ni 41 mara 41. Mwache acheke.

Kisha chukua ubao wa dama, mwekee kizibo cha soda kwenye mraba mweusi, umwambie akifikishe kwenye mweupe bila kuvunja sheria. Atahangaika, maana kete huenda mshazari, na mshazari wa mweusi hukutana na mweusi daima. Mraba mweupe upo na anauona, ila sheria hazimfikishi. Nasi tunaoutazama ubao wote tunajua kwa hakika kwamba hazitamfikisha kamwe.

Jambo la namna hiyo ndilo alilolionyesha mwanahisabati Kurt Gödel mwaka 1931: kwamba sheria zozote za kuthibitishia zinazotosha kujumlisha na kuzidisha, zisizojipinga zenyewe, na ambazo kila hatua yake inaweza kukaguliwa, zitaacha kauli fulani ya kweli kuhusu namba ambayo hazitaifikia.

Mfano wangu una kasoro, wala usimfiche. Katika dama, ukiruhusu kete iende pembeni hatua moja, miraba yote myeupe inafunguka. Katika namba, ukiichukua kauli iliyokosekana ukaifanya sheria mpya, nyingine itajitokeza isiyofikika, na utaongeza hivyo bila kumaliza.

Nijuavyo alivyo, atauliza tumejuaje kuwa kauli hiyo ni kweli ikiwa haithibitishiki. Haithibitishiki kwa sheria zile. Anayezitazama kutoka nje, akikubali kwamba hazijipingi, anaweza kuithibitisha. Wala saba na nane hazitaacha kuwa kumi na tano, asije akapata kisingizio cha kutofanya kazi ya shule. Akizidi kukubana, nipigie baada ya isha, umpe simu mwenyewe.

Baba yako