Kiasi gani cha dawa ya fangasi kwa ekari ya viazi? Hakuna

Swali: Mtaalamu, habari za kazi. Nalima viazi mviringo huku milimani Mpwapwa, ekari moja kando ya mfereji. Huu ni msimu wa tano napanda viazi hapo hapo. Mwanzo nilivuna vizuri, sasa viazi ni vidogo, vina madoa meusi, na mimea mingine inanyauka kabla ya kukomaa. Muuza pembejeo anasema udongo umejaa fangasi, nimwagie mashimoni dawa za metalaksili na mankozebu, halafu mrututu. Nitumie kiasi gani kwa ekari?

Jibu: Usimwage hata kijiko, ndugu yangu. Swali hili la "kiasi gani" nalipata kila msimu, kwa wakulima wa nyanya, wa vitunguu, hata wa zabibu hapa Dodoma, na nyuma yake kuna imani ile ile: fangasi ni uchafu, udongo mzuri ni ule usio nao. Sijui nani aliianzisha, ila wanaofaidika nayo nawajua.

Udongo wa pori la jirani yako, ambao haujawahi kuguswa na jembe, umejaa fangasi, na mimea yake haina shida. Shambani kwako kilichobadilika ni aina ya fangasi waliobaki. Mzizi wa kiazi unatoa sukari na asidi zake, na viumbe wanaoishi kuuzunguka wanakula hizo. Ukipika mlenda kila siku, wageni watakaozoea kuja ni wapenda mlenda. Misimu mitano mfululizo umewalisha wanaopenda kiazi, na wengine wamepungua. Watafiti wa China waliopima mashamba ya jimbo la Gansu, ambako viazi hurudiwa mwaka hadi mwaka, walikuta hali hiyo hiyo: jamii ya fangasi inabadilika, Fusarium, fangasi wanaonyausha mimea na kuozesha viazi, wanaongezeka.

Chukua kiazi kimoja chenye madoa, kioshe, ukisugue kwa brashi. Kama doa linabaki kama tope lililogoma kutoka, lakini ukilikwangua kwa kucha linabanduka, huyo ni Rhizoctonia. Vile vigamba vyeusi ni fangasi aliyejikunja akalala, anasubiri chipukizi la msimu ujao. Mwingine, Verticillium, hujificha katika vichembe vyeusi usivyoviona kwa macho, na vinaweza kukaa ardhini zaidi ya miaka 10. Huyo ndiye anayefanya majani ya chini yaanze kuwa njano, mara nyingi upande mmoja wa mmea kwanza.

Sasa tazama ile dawa uliyoandikiwa. Metalaksili ni dawa ya vimelea wa jamii ya bakajani chelewa, ambao kwa ukoo si fangasi wa kweli hata kidogo. Rhizoctonia na Fusarium hawaijali. Mankozebu inalinda jani kwa nje. Ukiimwaga ardhini inavunjika upesi, na pesa yako nayo imeondoka. Mrututu ndio unaoniudhi zaidi. Ni shaba, na shaba haiozi. Nchini Ufaransa walianza kupulizia mizabibu mchanganyiko wa mrututu na chokaa miaka ya 1880, na mpaka leo udongo wa juu wa mashamba yale ya zamani una shaba kupita kiasi. Hiyo ilidondoka kutoka majanini tu; wewe unaambiwa umimine moja kwa moja shimoni.

Na tuseme umepata dawa inayoua kweli. Nani yuko hatarini? Hata Trichoderma, fangasi rafiki ambaye nyuzi zake hujizungusha kwenye nyuzi za Rhizoctonia na kumla, anaweza kuumia, maana nyuzi zake ni laini. Rhizoctonia aliyejikunja ndani ya kigamba cheusi ana nafasi kubwa ya kupona. Dawa ikiisha nguvu, anaweza kuamka akiwa na maadui wachache.

Kabla hatujaendelea kulaumu fangasi, pima huo mnyauko. Kata kipande cha shina karibu na ardhi, kining'inize kwenye glasi ya maji safi bila kukitikisa. Ukiona ndani ya dakika chache nyuzi nyeupe kama maziwa zinashuka, hao ni bakteria, na dawa zote za fangasi zilizoko dukani hazina kazi kwao.

Kinachofanya kazi ni kuondoa kiazi hapo kwa miaka mitatu au zaidi. Weka mahindi au mtama. Nyanya, nyanya chungu, bilinganya na pilipili ni ukoo mmoja na kiazi, hazihesabiki kama kubadilisha zao, na mnavu wa kando ya mfereji nao ung'oe. Alizeti, ambayo mkoa huu tunaikimbilia kwa kila kitu, nayo inamlea Verticillium. Maotea ya viazi ndani ya mahindi yang'olewe yote, la sivyo umepumzisha shamba kwa jina tu. Samadi iliyooza vizuri inawarudisha wale waliopungua, taratibu. Kama ekari moja ndiyo yote uliyo nayo, igawe robo nne, viazi vikae robo moja kila mwaka. Mapato yatashuka, sikufichi.

Mtakaosoma hapa na mnalima kitu kingine kabisa, angalieni pia zile galoni za "kufufua udongo" zinazotangazwa kwenye magrupu ya WhatsApp. Kiuatilifu halali kimesajiliwa na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu Tanzania. Galoni isiyo na lebo, hata muuzaji hajui kilichomo. Ila kwa viazi, hasara kubwa naiona kwenye mbegu kuliko kwenye galoni. Vikubwa vinapakiwa lumbesa vinakwenda sokoni, vidogo vinabaki vinaitwa mbegu. Mmea ulioumwa mara nyingi ndio unaozaa vidogo. Kwa hiyo kila msimu mtu anachagua, kwa mikono yake, viazi vya mimea iliyoumwa, vikiwa na vigamba vyeusi kwenye ganda, anavipanda, na vingine anamuuzia jirani aliyefungua shamba jipya lisilo na ugonjwa. Nunueni mbegu yenye lebo ya TOSCI, taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu Tanzania, hata kama ni ya kutosha robo ekari tu.