Ohio State 2014: shida haikuwa Barrett
Mnasema Barrett, kwotabeki (mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira) wa timu ya futiboli ya Kimarekani ya chuo cha Ohio State, ndiye aliyeleta kile kipigo cha 35-21 kutoka kwa Virginia Tech. Hapana, msimlaumu peke yake. Nimeirudia mechi ile mara mbili. Kati ya watu watano wa ukuta unaomlinda kwotabeki, wanne walikuwa ndio kwanza wameingia kikosi cha kwanza, na wapinzani wakajazana mbele. Akaangushwa mara 7 kabla hajaachia mpira! Ukuta ulipozoeana, mambo yakageuka: fainali ya ubingwa wa vyuo na Oregon, Januari 2015, Ohio State ikashinda 42-20, na mkimbiaji wake Elliott akakimbia na mpira yadi 246. Ila kumbuka kwotabeki siku hiyo alikuwa Cardale Jones, chaguo la tatu. Barrett alishavunjika kifundo cha mguu dhidi ya Michigan.