Tarehe ya kliniki anaifuta daktari

Dada, usimwachishe! Umeandika kwamba binti yako wa miaka 9, aliyekuwa na hofu iliyopitiliza, sasa analala peke yake na anaenda shule bila kulia, kwa hiyo mwezi huu unaacha kliniki na dawa. Nilifanya hivyohivyo, siwezi kukaa kimya.

Mwanangu alikuwa anatapika uji kila Jumatatu. Getini anang'ang'ania nondo kwa mikono miwili, namng'oa kidole kimoja kimoja. Mshauri akatuchorea ngazi kwenye karatasi: kwanza tufike getini Jumamosi shule ikiwa tupu, halafu akae darasani nikiwa mlangoni, halafu niondoke dakika tano. Miezi mitatu baadaye alikuwa ananitangulia njiani, begi mgongoni.

Ndipo mwalimu mmoja akaniita pembeni: "Mama, huyu amepona. Ukiendelea kumpeleka kule wenzake watamwita chizi." Mpaka leo moyo unanichoma. Hajauguza mtoto wa hivi hata usiku mmoja, anagawa kupona kama anagawa chaki! Nikamsikiliza. Vikao nikaacha, dawa nikakatisha siku hiyohiyo bila kumuuliza daktari. Wiki ile kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi hakuna. Vikatulia, nikashukuru Mungu. Shule zilipofunguliwa akarudi kwenye nondo zilezile, na sasa vidole vilikuwa na nguvu kuliko vyangu. Akapoteza mwaka mzima wa masomo.

Daktari aliyetupokea tena ndiye aliyenieleza utafiti wa Marekani uitwao CAMS, uliotoka 2008, wa watoto na vijana 488 wenye hofu za namna hii. Waliopewa dawa pamoja na tiba ya mazungumzo, kama 81 kati ya 100 walipata nafuu kwa wiki 12. Lakini walipofuatiliwa miaka ya baadaye, waliopewa tiba ya aina yoyote kwenye utafiti, si hao wa pamoja tu, 22 tu kati ya 100 walibaki wazima moja kwa moja. 48 walipona wakarudiwa, 30 waliendelea kuumwa. Tiba si bure, maana walioitikia mapema walikuwa na uwezekano mdogo zaidi wa kuwa kati ya hao 30. Ila wiki 12 si mwisho wa safari.

Kwa hiyo tarehe ya kliniki anaifuta daktari. Si mwalimu, si shangazi, si wewe kwa kuwa mtoto anacheka. Dawa nayo anaipunguza yeye, kidogo kidogo.

Mambo ya bweni na gharama uliyouliza pia, wengine watakujibu. Wewe mpeleke mwezi ujao, na uombe kikao kabla ya Jumatatu ya kwanza ya muhula.