Barua kwa mwanangu, kuhusu farasi anayesimama kwa miguu ya nyuma

Tabata, Dar es Salaam

Mwanangu Zuhura,

Assalaam alaykum. Sisi hapa nyumbani hatujambo, na mama yako anakusalimu sana. Ujumbe wako nimeusoma. Unasema yule farasi wa rangi ya kahawia mliyeletewa hapo Kigamboni ameanza kusimama kwa miguu ya nyuma kila anapopelekwa ufukweni, na saisi mwenzako, mtunza farasi kama wewe, ameshauri afungwe matingeli fupi, yaani ule mkanda unaotoka kwenye mkanda wa pua, ukapita katikati ya miguu ya mbele na kufungwa kwenye mkanda wa tumbo, ili asiweze kuinua kichwa. Umeniuliza kama mkanda huo utamtuliza. Hautamtuliza, na nimeona nikuandikie badala ya kukupigia simu ili bosi wako naye azisome sababu zenyewe.

Farasi hutumia kichwa na shingo kujipatia mizani. Akiwa juu kwa miguu miwili, huirefusha au kuikunja shingo kulingana na uzito unavyohama, na ndivyo anavyoweza kurudi chini salama. Ukimfunga mkanda mfupi humzuii kuinuka, kwa kuwa nguvu ya kuinuka inatoka kwenye mapaja na kiuno, ila unamnyang'anya kile ambacho kingemsaidia asipinduke. Akianguka kinyumenyume, mnyama wa kilo 400 hadi 500 anamwangukia aliye mgongoni. Vile vigwe vya kuvuta, yaani kamba za kumwongozea farasi zinazoanzia kwenye mkanda wa tumbo na kupita kwenye pete za lijamu (kile chuma cha kinywani) kabla ya kufika mkononi, navyo sivitaki kwa farasi wa namna hii, kwa sababu huzidisha nguvu ya mkono na kumkunja shingo mpaka aone njia ya mbele imefungwa, na aliyefungiwa mbele huenda juu. Lijamu kali ni hivyo hivyo.

Matingeli ya pete ni jambo jingine kidogo. Yale huacha vigwe vitembee ndani ya pete mbili, na yakifungwa kwa urefu wa kutosha hayagusi kitu mpaka kichwa kiinuke kupita kiasi. Kwa farasi mwenye tabia ya kurusha kichwa yana kazi yake, lakini dawa ya kuinuka si hiyo.

Kabla ya kuzungumzia vifaa, mchunguze maumivu. Tazama pembe za midomo kama zina vidonda, kisha mwombeni daktari wa mifugo aliyezoea farasi (wengi wetu hapa mjini tunao wa ng'ombe na kuku tu, kwa hiyo ulizeni vizuri) amfungue kinywa na kuangalia ncha kali za magego na vile vijino vidogo vinavyoota mbele ya magego ya juu, mahali ambapo lijamu huweza kugonga. Mgongo unaweza kuanza kuuangalia wewe mwenyewe: pitisha vidole kwa mkazo wa wastani pande mbili za uti wa mgongo, kuanzia mabegani hadi kiunoni, ukitazama masikio na ngozi. Akizama chini ya mkono wako, au akigeuza kichwa kutaka kukuuma, amekujibu. Akitoka kazini, vueni seruji, lile tandiko la kukalia, mara moja mtazame jasho. Kwa joto hili la Dar mgongo wote unapaswa kulowa, na kipande kilichobaki kikavu katikati ya unyevu mara nyingi kinaonyesha mahali seruji inapobana.

Akionekana mzima, angalia anainukia wapi. Kama ni getini, huenda hataki kuachana na wenzake. Kama ni majini, mawimbi yanamtisha. Kisha mwangalie anayempanda. Wateja wengi humpiga farasi visigino huku wamening'inia kwenye vigwe kwa woga, kama dereva wa daladala anayekanyaga mafuta na breki kwa pamoja, halafu mnyama ndiye anayeitwa mkorofi.

Farasi hawezi kuinuka bila kwanza kusita na kurudisha uzito nyuma. Hatua zinafupika, sehemu ya mbele inakuwa nyepesi, kichwa kinapanda. Hapo ndipo penye kazi: fungua kigwe cha upande mmoja, mwingize katika duara dogo ili miguu ya nyuma ipishane, kisha mwachie aende mbele kwa mwendo wa haraka. Ukichelewa na tayari yuko juu, usimgeuze na usivute kabisa. Inama mbele, legeza vigwe, shika manyoya ya shingo, na akitua tu msukume mbele.

Kuna kifaa kimoja ambacho ningekununulia leo hii, nacho ni mkanda wa ngozi unaozunguka shingo ya farasi bila kufungwa popote kichwani. Ni wa mpandaji, ili akishtuka ashike huo badala ya vigwe. Fundi viatu yeyote anaweza kuushona, ila muukague kila wiki, maana hewa ya chumvi huozesha nyuzi kabla ngozi yenyewe haijachoka.

Mafunzo mengine yafanyike mkiwa chini, kwa hatamu ya pua isiyo na lijamu na kamba ndefu ya kumzungushia, mpaka aende mbele kila anapoambiwa, kwanza uani, kisha karibu na maji pamoja na farasi mtulivu. Wale wa punda afe mzigo ufike watakwambia mnapoteza wateja. Mwambie bosi kwamba nimesema asipandishwe mgeni yeyote hadi daktari amtazame, na Jumamosi nitavuka kwa kivuko cha asubuhi nije nimwone mwenyewe. Seruji yake msiisafishe kabla sijafika, nataka kuiona ilivyo.

Baba yako