Nakala za karatasi unaweza kuuza

Yaya, nakala za karatasi uuze tu hapa Goma, hata kama riwaya yako umeiingiza kwenye KDP Select, ule mpango wa Amazon ambao kitabu chako cha kidijitali kinauzwa kwao tu. Sharti la kutouza kwingine linagusa kitabu cha kidijitali peke yake, kwa siku 90. Mimi zangu niliziuza mlangoni mwa kanisa, Katindo, siku hizo zikiwa hazijaisha, na ni halali kabisa. Kinachokatazwa ni ile PDF nzima tunayopenda kurushiana kwa WhatsApp, hata ukiitoa bure. Kipande cha kuonjesha watu kinaruhusiwa, kisizidi asilimia 10 ya kitabu. Ila uondoe ile alama ya kujiandikisha upya yenyewe, la sivyo siku 90 zingine zinaanza bila wewe kuulizwa.