Usifunge mapanga kabla hujaijaribu jairo

Hapana, usiirushe kesho hiyo helikopta yako ya rimoti. Umeandika kwamba ukisukuma kijiti cha mkia cha rimoti kulia, sevo (kimota kinachogeuza mapanga madogo ya mkia) inakwenda upande unaotakiwa, na jamaa aliyekusaidia kuunganisha akakwambia "basi jairo iko sawa". Jairo, kile kihisi kinachotambua mwili ukigeuka na kuurudisha, haiko sawa mpaka uijaribu yenyewe. Maneno hayo hayo niliambiwa na mimi, nikayaamini, yakanila mapanga makubwa yote mawili, shafti kuu, gia kuu na bomba la mkia kabla helikopta haijainuka hata shubiri moja. Inaniuma kuona watu bado wanapeana ushauri huu kana kwamba ni hekima.

Kijiti na jairo ni amri mbili zinazofika kwenye sevo moja, na kila moja ina mpangilio wake wa upande. Ya kijiti inaweza kuwa sahihi na ya jairo ikawa kinyume, na mezani usione kasoro yoyote. Kasoro inajitokeza rota, yaani mapanga makubwa ya juu, ikishachanganya. Rota ikizunguka kulia, mwili unataka kuzunguka kushoto. Jairo iliyo sawa inahisi pua inakwenda kushoto na kuirudisha. Iliyo kinyume inahisi hilo hilo, kisha inaisukuma kushoto zaidi, na kila mwili unavyozidi kuzunguka nayo inazidi kusukuma. Kijiti hakiwezi kushindana nayo. Helikopta inajizungusha chini kama pia, inalala ubavu, mapanga yanapiga ardhi.

Kwa hiyo fanya hivi leo, mapanga makubwa yakiwa bado kwenye boksi. Chomoa nyaya zote tatu za mota, uzitenge ncha zisigusane. Washa rimoti kwanza, kisha unganisha betri, na usiiguse helikopta mpaka jairo imalize kujipima. Simama nyuma yake, mkia ukikuelekea. Sukuma kijiti kulia. Pua kwenda kulia maana yake mkia uende kushoto, kwa hiyo mapanga madogo ya mkia lazima yalale namna ya kusukuma hewa kuelekea kulia. Tazama kile kipande kinachoteleza juu ya shafti ya mkia: kimesogea kuelekea boksi la gia au kimetoka nje? Kariri upande huo. Achia kijiti.

Sasa ishike helikopta, igeuze pua kushoto ghafla. Kipande lazima kisogee upande ule ule kilikosogea uliposukuma kijiti kulia. Kikienda kinyume, jairo yako imegeuzwa.

Na hapa ndipo wengi wanapojimaliza: wanakimbilia kugeuza mkia kwenye rimoti. Ukigeuza kwenye rimoti unageuza kijiti tu, jairo inabaki vile vile, na sasa una makosa mawili badala ya moja. Badilisha upande ndani ya mpangilio wa jairo yenyewe, kisha rudia jaribio zima tangu mwanzo. Ukiona kipande kimebaki pembeni baada ya kuachia kijiti, usishtuke na usikifukuze kwa trimu, vile vitufe vya rimoti vya kurekebisha kidogo kidogo. Jairo inayoshikilia mwelekeo ndivyo ilivyo mezani, maana inasubiri mwili ugeuke na mwili haugeuki.

Kama helikopta yako haina ile fito ya kusawazisha rota, kichwa cha rota nacho kinategemea jairo. Inamisha pua chini: swoshipleti, ile sahani iliyo chini ya rota inayoinamisha mapanga, lazima iinamie nyuma, kama inayotaka kubaki sambamba na sakafu. Laza upande wa kulia, nayo iinamie kushoto. Kosa hapa ni baya kuliko la mkia.

Pichi uliyouliza, yaani pembe ya mapanga makubwa: weka nyuzi 0 kijiti kikiwa katikati, na juu kabisa 9 au 10 zinatosha kwa kuanzia. Skrubu zote zinazoingia chuma kwa chuma zipake gundi ya bluu ya kufungia nati, baada ya kufuta mafuta kwa spiriti. Usiiguse plastiki nayo, inaipasua. Mapanga yabane kiasi kwamba ukiilaza helikopta ubavu hayaanguki yenyewe, lakini ukiitikisa yanakunja.

Ukimaliza yote hayo ndipo urudishe nyaya za mota. Hakikisha swichi ya kukata mota inafanya kazi, na kwamba ukizima rimoti mota inazima. Simama hatua kumi nyuma, kidole kikiwa juu ya swichi hiyo, pandisha mwendo polepole helikopta ikiwa imekaa chini. Mkia ukianza tu kuvuta, kata mota. Usijaribu kuurudisha kwa kijiti, hata kidogo. Chomoa betri, toa mapanga, rudi kwenye jaribio la jairo.