Kabla hujamwita mtoto mzito: kwa mwalimu mgeni Nairobi

Ukiripoti katika shule ya msingi ya umma huku Eastlands, iwe umeajiriwa na TSC, tume ya taifa ya kuajiri walimu, au umekuja kama mwanagenzi, utakabidhiwa sajili, miongozo ya mwalimu, na maneno. "Huyu wa dirishani ni mzito. Yule wa nyuma ni mtundu, usimchekee. Hawa watatu wameshindikana." Sajili na vitabu pokea. Hayo mengine yaweke kando kwanza, mpaka uwe umewatazama watoto wenyewe.

Sisemi wenzako ni wabaya. Darasa la watoto 60 na kipindi cha dakika 35 humfanya yeyote atafute njia ya mkato, na kumbandika mtoto jina ni njia ya mkato. Ila jina "mzito" halikwambii kesho asubuhi ufanye nini. Ukijua kwamba mtoto haoni ubao, una la kufanya. Ukijua kwamba anaelewa hesabu lakini haelewi Kiingereza kilichoandikiwa hesabu hiyo, una la kufanya pia. Kwa hivyo muhula wako wa kwanza uwe wa kuuliza jambo moja: huyu anazuiwa na nini?

Anza na macho na masikio. Mtoto asiyeona vizuri hatakuja kukwambia, kwa sababu hajui kwamba wenzake wanaona tofauti na yeye. Mtazame anaponakili. Akichungulia daftari la jirani badala ya ubao, akikunja uso, akikosea anachonakili lakini akapata unachomsomea, msogeze mbele siku hiyohiyo. Kisha mpe zoezi lile lile kwenye karatasi, herufi kubwa, wino mweusi. Kazi ikibadilika, umepata jibu, na mzazi aambiwe ampeleke macho yakapimwe.

Kwa masikio, simama nyuma yake wakati darasa lina kelele zake za kawaida, umwite kwa sauti ya kawaida. Mtoto anayetokwa na usaha masikioni anaweza kusikia vyema wiki hii na vibaya wiki ijayo, na ndiyo maana huitwa mkaidi: "Jana alinisikia, leo anajifanya." Akiwa na sikio moja zima, tuseme la kulia, mkalishe safu ya mbele upande wake wa kushoto, ili sikio hilo lielekee kwako na kwa wenzake. Na wewe uache kueleza huku unaandika ubaoni. Andika, geuka, ndipo useme. Wanaosoma midomo ni wengi kuliko unavyodhani, na wengine wao hata hawajui kwamba wanasoma midomo.

Sasa tuje kwenye lugha, ambayo kwangu ndiyo kizuizi kikubwa kuliko vyote hapa mjini. Sera inasema Gredi ya 1 hadi ya 3 mtoto afundishwe kwa lugha ya eneo la shule, na Nairobi hiyo mara nyingi ni Kiswahili. Akifika Gredi ya 4, masomo karibu yote yanageuka kuwa ya Kiingereza. Mtoto wa Eastleigh huenda anazungumza Kisomali nyumbani, wa Kibera Kinubi au Kidholuo, na wote wakitoka nje wanacheza kwa Sheng. Halafu tunashangaa kwa nini aliyekuwa hodari Gredi ya 3 ameanguka ghafla.

Niliwahi kuwa na msichana wa Gredi ya 4 ambaye kila swali la hesabu lenye maelezo aliliacha wazi. Ukimpa tarakimu tupu, 42 gawanya kwa 3, 96 gawanya kwa 8, hakosei. Nikaketi kando yake nikamwambia kwa Kiswahili: mama amepika maandazi 42, anayafunga matatu matatu, atahitaji mifuko mingapi? Hakugusa penseli. Akasema kumi na nne, kisha akaniuliza hayo maandazi yanauzwa ngapi. Mtoto huyo alikuwa na alama za "mbali na matarajio", ngazi ya chini kabisa, katika hisabati.

Mtoto wa namna hiyo hahitaji hesabu rahisi zaidi. Anahitaji maneno. Bandika ukutani manila ya maneno ya Kiingereza ya wiki, machache tu, kila neno na mchoro wake: ya kusema gawa sawa, zilizobaki, jumla, tofauti. Wasomee swali kwa sauti kabla hawajaanza. Waache wajadiliane kwa Kiswahili wawili wawili, halafu jibu waliandike kwa Kiingereza. Sheng nayo usiifukuze darasani kana kwamba ni mwizi. Mtoto anayekuelezea sehemu, yaani nusu na robo, kwa Sheng sahihi ameshazielewa sehemu, kilichobaki ni kumvusha. Na ukiweza, mkalishe na mwenzake anayeijua lugha ya nyumbani kwao na Kiingereza pia.

Kuhusu makundi, utasikia mengi. Mimi siungi mkono kuwatenga watoto kwa uwezo kutwa nzima. Baada ya wiki moja watakuwa wameshajua meza ipi ni ya nani, hata ukiziita Simba, Twiga na Ndovu. Wagawe kwa uwezo katika kusoma na kuhesabu tu, kwa dakika chache, kisha wachanganye tena. Katika somo la kawaida mada iwe moja, kazi itofautiane. Kama leo ni kugawanya, kuna watakaogawanya vizibo vya soda, kuna watakaogawanya tarakimu, na kuna watakaotunga swali lao na kumpa jirani. Vizibo waombe wenye vioski, mkebe wa mafuta ya Kimbo utajaa upesi. Usivipeleke kwa wanyonge peke yao. Viweke katikati ya meza kila mtu achukue akitaka, maana kikiwa kifaa cha walioshindwa hakuna atakayekigusa.

Wanaomaliza mapema usiwape maswali kumi zaidi ya aina ileile. Hiyo ni adhabu ya kuwa hodari.

Ukiuliza swali, nyamaza. Hesabu moja hadi tano kimoyomoyo, waambie wanong'onezane na jirani, ndipo uchague wa kujibu. Bila hivyo utafundisha mikono minane ya mbele mwaka mzima. Mwenye kigugumizi mwambie jana yake ni aya gani atakayoisoma, ili aifanyie mazoezi, au asome pamoja na mwenzake.

Njaa pia ipo. Tangu 2023 mpango wa Dishi na County umewapa watoto wengi wa shule za umma chakula cha mchana kwa shilingi 5, lakini asubuhi ni ndefu kwa aliyekuja bila chai. Kiboko nacho kilipigwa marufuku, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 iko wazi. Hata ukiiacha sheria kando, hakijawahi kumfanya asiyeona ubao auone.

Kuna watoto ambao haya yote hayatawatosha. Hapo usijifanye daktari. Usimwambie mzazi "mtoto wako ana kitu fulani", mwambie ulichokiona. Weka daftari dogo: tarehe, somo, alichofanya, ulichojaribu, kilichosaidia. Mwite mzazi faraghani, si pale langoni mbele ya kina mama wengine, na uanze na kile mtoto anachoweza. Mama akishasikia jambo moja zuri kuhusu mwanawe, atakuambia mwenyewe mambo ambayo usingeyajua: kwamba alichelewa kuongea, kwamba alilazwa akiwa mdogo, kwamba anasogelea televisheni mpaka inamgusa pua.

Kisha mwelekeze kwenye kituo cha tathmini, EARC, kupitia mwalimu mkuu. Vituo hivi vimekuwepo Kenya tangu 1984, na kazi yake ni hiyohiyo: kumpima mtoto na kushauri asomee wapi na kwa msaada gani. Hapa Nairobi KISE pia, taasisi ya elimu maalum iliyoko Kasarani, hufanya tathmini. Nakala ya daftari lako dogo mzazi aende nayo, na ripoti ikirudi nakala yake ibaki kwenye faili la mtoto shuleni. Mtoto akifika Gredi ya 6 na kuhitaji karatasi ya KPSEA, tathmini ya kitaifa ya gredi hiyo, ya maandishi makubwa au ya Braille, hitaji hilo lazima lionyeshwe wakati wa usajili. Tathmini nayo ina foleni, nauli na siku ambazo mzazi hatakwenda kazini, kwa hivyo anza kulizungumza angali Gredi ya 4.